Kompyuta ya Mama na Flashi ya Harusi

Niliizima skani ya kompyuta ya mama. Naiandika hapa juu kabisa ili mtu asije akasema nilikuwa naificha. Sikuizima kwa bahati mbaya, wala hakuna paka aliyepita juu ya kibodi, ingawa paka huyo nilimfikiria kwa muda mrefu kama shahidi. Nilibonyeza mwenyewe, kwa kidole changu, palipoandikwa "simamisha kwa saa moja", kwa sababu ilikuwa inanichelewesha kunakili nyimbo za harusi.

Ili ujue ukubwa wa ujinga huo, lazima kwanza nikueleze ile kompyuta ilikuwa inatafuta nini nyumbani kwa bibi, Kaole.

Bibi yangu mzaa mama alianguka bafuni mwaka jana, akavunjika nyonga. Bibi huyu alifundisha chuo, yaani madrasa, kwa miaka ambayo hata yeye mwenyewe haihesabu tena, na nusu ya watu wazima wa kijiji walishawahi kuonja fimbo yake. Hospitali walimrudisha na chuma ndani ya mguu na sharti moja: mchana asiachwe peke yake. Mjomba wangu, anayekaa Dar ghorofa ya nne, akasema basi aletwe kwake. Bibi akamjibu kwenye simu, spika imewashwa, sote tunasikia: "Mwanangu, mimi sijawahi kulala juu ya kichwa cha mtu. Sitaanza uzeeni."

Mama naye kazi yake iko Bagamoyo mjini, kwenye ofisi ya kampuni inayonunua mwani mkavu Mlingotini na ufuta Miono. Yeye ndiye anayepokea vipimo vya unyevu kutoka ghalani, akaviingiza kwenye mfumo, akatoa hati ya kusafirishia. Bila hati yake lori haliondoki. Akamwomba bosi kazi hiyo aifanyie Kaole, kwa kompyuta, mpaka bibi aweze kusimama.

Bosi ni mzee wa mjini pale, wa kofia ya kushona kwa mkono na kalamu nne mfukoni. Mtu mwema, ila kwenye mambo ya mtandao yeye ni yule mtafunwa na nyoka ambaye akiona unyasi hushtuka. Kuna wakati ofisi yake iliacha mlango wa mtandao wazi ili wafanyakazi waingie kutoka popote walipo, na neno la siri lilikuwa moja kwa wote, limeandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Siku moja wakakuta mafaili yote yamefungwa na mtu wasiyemjua. Mwani umejaa ghalani, na hakuna aliyeweza kusema gunia lipi limetoka kwa nani.

Kwa hiyo bosi akatoa hukumu yake: wiki mbili za majaribio. Kwanza lijengwe lango la maana. Likifanya kazi, mama abaki Kaole. Lisipofanya, mama arudi kwenye kiti chake mjini, na bibi apandishwe ghorofa ya nne.

Fundi alikuja Jumatatu, mimi nikiwa likizo. Nilitegemea mwanamume mwenye kitambi na mkoba wa spana. Akashuka kwenye bodaboda dada mmoja mwembamba, mtu wa Pangani, baibui na raba nyeupe, na begi dogo kuliko langu la shule. Akamwamkia bibi shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za Pangani, za wazazi, za nazi za mwaka huu, za ndugu wa bibi ambao hakuwajua, ndipo akaruhusiwa kufungua kompyuta.

"Lango lenyewe liko wapi?" bibi akauliza kutoka kitandani. Kitanda chake tulikihamishia sebuleni ili asipitwe na jambo. "Mimi naona begi tu."

"Liko ofisini mjini, bibi. Kiboksi kidogo, kama redio. Hapa nafungua njia ya kulifikia, njia ya chini kwa chini. Mtu wa kando hawezi kuchungulia kinachopita."

"Na mwizi akiijua njia?"

"Lango linauliza mambo mawili. Kwanza, wewe ni nani. Mama atataja neno lake la siri, kisha tarakimu sita zinazomjia kwenye simu. Pili, sawa nimekujua, lakini uko safi? Humu kwenye kompyuta nimeweka mkaguzi. Anapekua kila faili, kila kinachochomekwa, halafu anapeleka habari langoni. Akiona uchafu, lango halifunguki, hata awe mama mwenyewe."

Bibi akainua kidole. "Basi hiyo ni udhu. Unaweza kuwa imamu, msikitini wanakujua mpaka kuku. Huna udhu, huswalishi."

Dada fundi akacheka mpaka akaacha kuchapa. "Bibi, wateja wangu wote nitawaeleza hivyo hivyo."

"Na kinachovunja udhu wake ni nini?"

"Flashi za watu," dada akasema, akanitazama mimi. Sijui kwa nini alinitazama mimi. Nilikuwa sijafanya kitu bado.

Kabla ya kuondoka akamwonyesha mama kitufe kimoja. Mkaguzi akiifanya kompyuta iwe nzito na kazi ni ya haraka, anaweza kusimamishwa kwa saa moja, halafu anaamka mwenyewe. "Mwisho wa majaribio nitakuja kukifunga kitufe hiki. Kwa sasa nakuamini, mama yangu." Mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nilikuwa nimeegemea mlango natafuna karanga, na kitufe nikakiona kilipo.

Wiki ya kwanza ilikwenda raha mustarehe. Asubuhi mama anasema bismillahi, anafungua kompyuta, anataja tarakimu zake, sote tunangoja alama ya kijani. "Umepita?" bibi anauliza. "Nimepita." "Alhamdulillahi, haya, nipeni chai." Ilikuwa kama mama anavuka mpaka wa nchi kila siku bila kuvua kandambili. Kina mama wa Mlingotini walipiga simu kulalamikia vipimo, na bibi akawajibu yeye kabla ya mama, kwa kuwa wengi wao alikwisha kuwafundisha alifu kwa kijiti.

Wiki ya pili ikaja na harusi.

Mtaani kwetu harusi ina flashi. Wazee wana mikeka na masufuria ya kuazimana, sisi tuna flashi. Wiki ya harusi inatoka nyumbani kwa bi arusi, nyekundu, imefungwa kipande cha kanga isipotee, inapita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inatia wimbo wake mmoja. Usipotia utaulizwa una kinyongo gani na bi arusi. Kwa hiyo flashi inaingia kwenye kila chombo chenye tundu: redio ya fundi cherehani, kompyuta ya steshenari, deki ya kinyozi, televisheni ya mtu ambaye hata kadi hakupewa. Mwisho inafika kwa DJ, naye anapanga kipi kipigwe lini.

DJ nilikuwa mimi. Usiniulize nani alinichagua. Nilijichagua.

Jumatano mama alikwenda Mlingotini kushuhudia kipimo kilichobishaniwa. Aliniachia bibi, uji kwenye chupa, na maneno mawili: "Usiguse kompyuta."

Nikaigusa. Neno la kuifungulia nalijua, maana mama huwa analinong'ona herufi kwa herufi anapolichapa. Nikachomeka flashi, na papo hapo mkaguzi akajitokeza pembeni ya skrini kama mtu aliyekuwa ananivizia: anakagua, dakika arobaini zimebaki. Halafu rangi ya njano. Kitu chenye shaka. Kitu kingine chenye shaka. Nikajisemea, huyu mkaguzi hapendi taarabu tu. Na watu wa bi arusi walishatuma mtoto mara mbili kuulizia flashi yao. Hapo ndipo kidole kilipokwenda kwenye kitufe.

"Mume wangu," bibi akaita. Ananiita hivyo tangu nilipozaliwa, ndio utani wetu, na mimi namwita mke mkubwa. "Unafanya nini kwenye kazi ya mama yako?"

"Namsafishia, mke wangu."

"Unasafisha kwa kuimbisha?"

Kweli, wimbo ulikuwa umeshaanza kupiga. Nikapunguza sauti. Nikafungua folda kwenye uso wa kompyuta, nikaipa jina kwa herufi kubwa, DJ MKALI WA KAOLE, nikazimwaga nyimbo zote humo. Baadhi ya folda za kwenye flashi zilikuwa na kishale kidogo pembeni, ukizibonyeza hazifunguki. Nikabonyeza tena. Mimi ni mtu wa kugonga mara mbili. Hazikufunguka, nikaachana nazo, nikapanga nyimbo, nikazirudisha kwenye flashi, kisha nikaifuta folda yangu na kumwaga hata pipa la taka. Mama aliporudi alinikuta nampepea bibi kwa upepeo, mtoto mwema kabisa.

Asubuhi ya Alhamisi lori lilikuwa limeshapakia Mlingotini, dereva ameshawasha injini. Mama akasema bismillahi, akafungua, akataja tarakimu zake. Ikaja alama nyekundu: kifaa hiki hakijatimiza masharti ya usalama. Akarudia. Nyekundu. Akarudia tena, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa.

"Umepita?" bibi akauliza.

"Sijapita."

"Anza na bismillahi."

"Nimeanza nayo, mama."

Simu ya dereva. Simu ya ghala. Simu ya bosi. Mama akavaa baibui juu ya dera la nyumbani, akapanda bodaboda kwenda mjini kuitolea hati huko huko, na kompyuta akaibeba mgongoni kama mtoto mgonjwa. Lori lilikuja kuondoka jua limeshakuwa kali.

Alirudi adhuhuri. Akavua ushungi polepole, akaukunja, akaukunjua, akaukunja tena. Mama akikunja kitu mara mbili ujue kimeumana.

"Kompyuta imekutwa na virusi," akamwambia bibi. "Hilo si kubwa, fundi ataisafisha. Kubwa ni kwamba kumbukumbu za lango zinasema jana alasiri mkaguzi alisimamishwa, kwa jina langu. Nimemwambia bosi, wallahi sikumsimamisha. Akaniambia, dada yangu, mashine haina sababu ya kusema uongo."

Mimi nikairudisha chapati yangu sahanini.

Hapa lazima umjue mama. Kule Mlingotini watu wakibishana na mizani, huuliza, "Yeye amesema ngapi?" Akishataja, maneno yanakwisha. Ofisi nzima inajua hivyo. Na sasa mtu aliyemwajiri alikuwa amemwambia, kwa adabu na kalamu zake nne, kwamba ni mwongo.

"Jumamosi tunakaa, mimi, yeye na fundi," mama akamaliza. "Ikionekana ni mimi, Jumatatu narudi kitini." Mjomba alishapiga simu kuuliza bibi anapenda kitanda kiwe upande gani wa dirisha.

Ningependa kuandika kwamba nilisema palepale. Sikusema. Niliuchuna. Kwanza nilijaribu kuwa fundi. Namba ya dada wa Pangani ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi juu ya kabati, nikamtumia ujumbe wa heshima tele: shikamoo dada, naomba kujua, kwa ajili ya masomo, kumbukumbu za lango zinakaa ndani ya kompyuta ya mtu au wapi?

Akajibu: "Marahaba. Zinakaa langoni, ofisini. Kwa nini?"

"Tuna mtihani."

"Likizo?"

Nikazima simu. Kumbe jana nilikuwa nafuta nyayo zangu uani, na mwenye nyumba alishazipiga picha zamani.

Ijumaa bibi akaniita nimkande mguu. "Mume wangu, tangu jana hujanitania."

"Tumbo linauma."

"Lako au la kompyuta?"

Nikaendelea kukanda.

"Mimi naweza kumwambia mama yako sasa hivi," akasema, sauti ya chini. "Lakini ninayepelekwa ghorofani ni mimi. Yule mzee wa ofisini atasema kikongwe anajitetea, amemsingizia mtoto. Sina ushahidi wenye faida. Kaseme wewe mwenyewe. Na hapo unapokanda ni mto, mguu uko huku."

Jumamosi mama akashangaa niliposema naomba kumsindikiza. Tukachukua bajaji. Njia nzima alitazama nje, na mimi nikatunga hotuba tatu, moja ikiwa na aya.

Ofisini bosi alikuwa amekaa nyuma ya meza, dada fundi pembeni na kompyuta yake imefunguliwa. Tukaamkiana vizuri, tukapewa maji. Kisha dada akasoma, bila kumtazama mtu: Jumatano, saa kumi alasiri na dakika zake, flashi imechomekwa, mkaguzi amekuta vitu vyenye shaka, mkaguzi amesimamishwa, saa moja baadaye ameamka, amekuta virusi vimeshaingia, lango limefungwa kwa kompyuta hii.

Bosi akamgeukia mama. "Dada yangu, unasemaje?"

"Nimeapa mara moja," mama akasema. "Siapi mara ya pili."

Hotuba zangu zote tatu zikakimbia. Nikasikia sauti yangu, nyembamba kama ya kidato cha kwanza, ikisema, "Ni mimi, babu."

Bosi akatabasamu kwa huruma. "Mtoto mwema. Unamtetea mama yako, Mungu akubariki. Lakini usijibebeshe."

Hilo sikulitegemea. Nilishajiandaa kukemewa, kuadhibiwa, hata kuchapwa. Kutoaminiwa sikujiandaa nako. "Kweli ni mimi. Nilikuwa natengeneza nyimbo za harusi."

"Kaa chini, baba."

"Nina ushahidi." Hapo nikatazama sakafu, maana ushahidi wenyewe ulikuwa mmoja tu na nilikuwa nimeufuta kwa mikono yangu. "Virusi vilikuwa kwenye folda. Folda ilikuwa na jina. Nimeifuta, lakini nilivyoambiwa lango linakumbuka."

"Jina gani?" dada fundi akauliza, na nikaona wazi kwamba analijua, alilijua tangu Alhamisi, tangu nilipomtumia ule ujumbe wa mtihani.

"DJ Mkali wa Kaole."

Dada akaigeuza skrini kuelekea kwa bosi. Mzee akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anasoma barua ya serikali. Akavua miwani. Akamtazama mama, mwanamke mtu mzima na ushungi wake. Akaitazama skrini. Akaanza kukohoa, na mtu yeyote angejua kwamba hakuwa na kikohozi.

"Dada yangu," akasema alipopata pumzi, "naomba radhi. Mbele ya hawa watu naomba radhi."

"Imekwisha, mzee," mama akasema. Macho yake hayakuwa kwangu, na hilo lilikuwa baya kuliko kama yangekuwa kwangu.

"Lakini lori lilichelewa," bosi akakumbuka. "Majaribio yameharibika."

"Hayajaharibika," dada akasema. "Ulinilipa lango la kumzuia nani? Wasiojulikana hata komeo la mbao linawazuia. Hapa aliyekuja anajulikana, neno lake la siri sahihi, tarakimu zake sahihi, kompyuta yake ya ofisi. Ila chafu. Likamkatalia. Virusi vile vingepita, saa hizi tungekuwa tunatafuta gunia lipi la nani." Akabonyeza mahali. "Na kitufe nimekifunga sasa hivi. Kosa la kukiacha wazi ni langu. Hakuna wa kumsimamisha mkaguzi tena isipokuwa mimi."

Bosi akapanga kalamu zake mezani, akazirudisha mfukoni. Akasema mama aendelee kufanyia kazi Kaole mpaka bibi atembee, kompyuta ikae kabatini na ufunguo kifuani kwa mama, na ikigoma tena apigiwe fundi kabla ya dereva. "Na DJ," akasema, akianza tena kikohozi chake, "nyumba zote zilizotia wimbo, azipitie leo."

Dada akanipa flashi yake safi yenye programu ya kusafishia, akanionyesha namna ya kuitumia, akanionya kwamba akiniona tena kwenye kumbukumbu zake ataziprinti na kuzibandika shuleni kwetu.

Mchana wote nilikuwa nabisha hodi. "Virusi gani, redio yangu haijapiga hata chafya," fundi cherehani akaniambia, na kweli redio haikuwa na la kusafisha. Mama wa bi arusi akanishika mkono mlangoni: "Harusi kesho, wewe unatuletea mambo ya hospitali?" Kijana wa steshenari ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kweli. Folda za wateja zilikuwa zimegeuka vishale tangu flashi ilipopita kwake, naye alikuwa anailaumu Tanesco ya watu kwa kukatakata umeme. Tulisafisha mpaka barua za posa za mwaka juzi zikarudi. Akataka kunikumbatia, kisha akakumbuka DJ ni nani, akaghairi. Flashi nyekundu nayo nikaisafisha, na ajabu ni kwamba nyimbo hazikupotea hata moja. Mkaguzi hakuwa na shida na taarabu.

Nikarudi nyumbani jua linazama, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Ndani bibi alikuwa kwenye simu na mjomba, anamwambia kile chumba chenye dirisha akitie mchele. Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Tangu ofisini hakuwa ameniambia neno. Nikasimama hatua tatu mbali naye, nikasema nimemaliza, nyumba zote, hata ya kinyozi.

Akanitazama kuanzia miguuni, akapanda taratibu, hakuruka mahali, mpaka akafika usoni. Kisha akasogea pembeni kidogo, nafasi ya mtu mmoja kupita, akasema:

"Ungekuwa kompyuta, leo ungelala nje. Nawa miguu, uingie ule. Samaki anapoa."